Anza na Viwakilishi, Tamathali Baadaye: Namna ya Kuchambua Hotuba ya Frederick Douglass ya 1852

Wanafunzi wengi wakipewa hotuba ya Kimarekani huanza kuwinda tamathali: hapa takriri, pale sitiari, kule swali la balagha. Mwishowe wanakuwa na orodha ndefu ya majina, na hotuba yenyewe bado haijafunguka. Ni afadhali kuanzia chini, kwenye sarufi. Nani ametajwa kwa kiwakilishi gani? Tendo amebebeshwa nani? Ukishajibu hayo, tamathali utazikuta njiani, tena utakuwa na la kusema juu yake.

Hotuba nzuri ya kujifunzia ni ile aliyoitoa Frederick Douglass mjini Rochester, New York, tarehe 5 Julai 1852, kwa mwaliko wa chama cha wanawake waliopinga utumwa. Douglass alikuwa ametoroka utumwani Maryland mwaka 1838. Hotuba ina maneno zaidi ya 10,000, kwa hiyo usiibebe yote kwa mkupuo. Chukua aya za mwanzo, anapowazungumzia waasisi wa taifa, na sehemu ya katikati inayoanza pale anapouliza kwa nini ameitwa kuzungumza. Zichapishe kwa pambizo pana na nafasi ya kutosha kati ya mistari.

Soma mara ya kwanza kwa sauti, bila kalamu. Mara ya pili, pigia mstari kila kiwakilishi cha nafsi na kila neno la umiliki, basi, mengine yaache. Utaona jambo mapema sana. Anawaita wasikilizaji "fellow-citizens", yaani raia wenzangu, lakini sikukuu ya Julai 4, siku ya uhuru wa Marekani, anaiita ya uhuru wenu wa kitaifa, na waasisi ni baba zenu. Raia mwenzao, ila uhuru si wake. Hapa msomaji wa Kiswahili awe macho: "your" ya Kiingereza haitofautishi mmoja na wengi. Ukitafsiri "uhuru wako" umeufuta ukumbi mzima, ni "wenu".

Kisha simama kwenye sentensi hizi mbili: "This Fourth July is yours, not mine. You may rejoice, I must mourn." Kwa Kiswahili: Sikukuu hii ya Julai Nne ni yenu, si yangu. Nyinyi mwaweza kushangilia, mimi sina budi kuomboleza. Tazama vitenzi visaidizi. "May" inatoa ruhusa, "must" inalazimisha: wao wana hiari hata katika furaha, yeye hana hiari hata katika huzuni. Tazama pia kisichokuwepo. Hakuna "lakini" kati ya vishazi viwili, ni mkato tu. Jaribu kuitia "lakini" usome tena. Sentensi inalegea, kwa sababu kiunganishi kinawaunganisha watu ambao msemaji amewatenganisha makusudi. Sasa ndipo useme kuwa hii ni tanakuzi, yaani kuweka pamoja mambo yanayopingana, na ueleze inafanya kazi gani.

Jaribio hilo la kubadilisha neno moja na kusikiliza kilichopotea ndilo chombo chako kikuu. Litumie kila unapokwama.

Kwenye kinaya, yaani kusema kinyume cha unachomaanisha, chora safu tatu: alichosema, walichokijua waliokuwa ukumbini, na ushahidi ulio ndani ya matini. Safu ya tatu ikibaki tupu, usiandike kinaya. Mfano: Douglass anauliza kama wanataka athibitishe kwamba mtumwa ni mtu. Anasema hilo limeshakubaliwa, hana haja ya kulijadili. Kisha anaongeza kwamba Virginia kuna makosa 72 yanayomfikisha mtu mweusi kwenye adhabu ya kifo, ilhali ni mawili tu kati ya hayo yanayomfikisha huko mzungu. Sheria haimhukumu mnyama wa kondeni. Ukimhukumu mtumwa, umekiri ana akili na wajibu. Kwa hiyo anakataa kujenga hoja huku akiijenga. Ushahidi wa safu ya tatu anautoa mwenyewe: anatamka wazi kwamba wakati kama ule unahitaji kinaya kinachounguza, si hoja ya kushawishi.

Makosa yanaanza hapa. Mwanafunzi aliyeonja kinaya hukiona kila mahali, na hudai kuwa hata sifa za waasisi ni kejeli. Rudi kwenye viwakilishi. Douglass anasema ataungana nao kuheshimu kumbukumbu ya watu wale, "I will unite with you". Ni mahali adimu ambapo "mimi" na "nyinyi" wanasimama upande mmoja. Anamaanisha. Vivyo hivyo karibu na mwisho, anapoiita Katiba hati tukufu ya uhuru: kufikia 1852 alikuwa ameshaachana na msimamo kwamba Katiba inatetea utumwa. Ukisoma kejeli pale, umeipindua hoja yake yote. Na kule kuzungumza tarehe 5 badala ya 4 usikujengee ghorofa refu. Weusi wa New York walikuwa na desturi ya kusherehekea siku hiyo, ni kweli, lakini pia Julai 4 ya mwaka ule iliangukia Jumapili.

Ukitaka zoezi fupi la sarufi tupu, chukua hotuba ya Abraham Lincoln ya 4 Machi 1865, alipoapishwa mara ya pili kuwa rais wa Marekani, vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini vikiwa bado vinaendelea. Ina maneno kama 700 tu. Anaeleza kwamba pande zote mbili hazikuvitaka vita, kisha: "And the war came." Na vita vikaja. Wengi huandika kuwa hiyo ni kauli ya kutendwa. Sivyo. Ni kauli ya kutenda yenye kitenzi kisicho elekezi: vita ndivyo kiima, vimekuja kwa miguu yao, na hakuna yambwa (kinachotendwa) wala mtendaji mwingine. Kauli ya kutendwa ingekualika uulize "na nani?"; hii haikupi hata nafasi ya kuuliza. Na ile -ka- ya Kiswahili inafaa sana pale, maana inalifungamanisha tukio na yaliyotangulia bila kumtaja aliyelisababisha.

Shuka hadi aya inayofuata, anapoutaja utumwa kuwa kosa mbele ya Mungu. Anauita "American slavery", utumwa wa Kimarekani. Weka "Southern", wa Kusini, mahali pa neno hilo, usome sentensi nzima kwa sauti, kisha andika aya moja kueleza ni akina nani wametoka kizimbani.