Unasafiri na unamwacha nyumbani papi wako (mtoto wa mbwa) anayekula nyama mbichi? Mambo ya kuzingatia kabla hujamwachia mtu chakula cha kukaushwa

Watu wanaolisha mbwa nyama mbichi wakipata safari cha kwanza wanachowaza ni friza, nyama itatosha au haitatosha, nani atakumbuka kuitoa usiku iyeyuke, umeme ukikatika itakuwaje, na huyo anayebaki na mbwa hata kuishika hiyo nyama hataki. Mwishowe mtu anasema basi ngoja ninunue kile cha kukaushwa, unaongeza maji tu kazi imeisha. Wazo ni zuri na mi naliunga mkono kabisa. Shida inakuja pale paketi inafunguliwa kwa mara ya kwanza siku mwenye mbwa ameshaondoka, mbwa mzima anaweza akavumilia hilo ila papi wa miezi mitatu minne ataharisha, na papi akiharisha maji yanamwisha mwilini haraka kuliko unavyodhani.

Kwa hiyo mabadiliko yote yafanyike ukiwa bado upo nyumbani. Anza kama wiki mbili kabla, siku 7 mpaka 10 ni za kuchanganya, robo ya kipya kwanza, ukiona choo kiko sawa unaenda nusu, halafu robo tatu, na ubakize siku mbili tatu za chakula kipya kitupu kabla hujafunga begi. Kila unapoona choo kimelegea usipande hatua, baki hapo hapo. Kuna wanaosema usichanganye mbichi na kavu kwenye bakuli moja eti tumbo linasaga kwa spidi tofauti, hilo lisikusumbue, mbwa mwenye afya analimudu vizuri tu. Kama hizo wiki mbili huna, safari imekudondokea ghafla, basi afadhali umwachie kile alichokizoea hata kama ni usumbufu kwa anayebaki, kuliko kumbadilishia ndani ya siku moja.

Ukienda kununua geuza paketi usome nyuma, mbele ni picha tu. Zipo paketi za kukaushwa ambazo ndani ni mboga na matunda na viini lishe, zimetengenezwa ili wewe uongeze nyama yako. Ukimwachia mtu hiyo bila kumwambia, papi wako atakula mboga mpaka urudi. Unachotafuta ni maneno yanayosema ni chakula kamili, na kamili kwa mbwa anayekua au kwa hatua zote za maisha, maana kikiwa cha mbwa mzima tu hakimfai. Marekani watengenezaji wanafuata viwango vya AAFCO, chama cha maofisa wanaosimamia vyakula vya wanyama, Ulaya ni FEDIAF, shirikisho la watengenezaji wa vyakula vya wanyama wa nyumbani, na maelezo hayo huwa yameandikwa kwa herufi ndogo ndogo karibu na orodha ya viungo. Kama papi wako ni wa jamii kubwa, wale wanaofika kilo 32 na kuendelea wakikua, hakikisha wameandika kabisa kwamba kinafaa kwa ukuaji wa mbwa wakubwa.

Hilo la mbwa wakubwa sababu yake ni kalsiamu. Papi akiwa bado mdogo utumbo wake haujui kukataa kalsiamu ya ziada, inaingia tu, na kwa jamii kubwa ikizidi mifupa na viungo vinakua vibaya. Ndio maana AAFCO wameweka kiwango cha chini asilimia 1.2 ya chakula ukiondoa maji, na juu kwa hao wakubwa mwisho asilimia 1.8 wakati wengine wanaruhusiwa mpaka 2.5, na kalsiamu ikilinganishwa na fosforasi isiwe chini ya moja kwa moja wala isizidi mbili kwa moja. Sasa wewe unayelisha mbichi huenda una zile nyongeza zako, unga wa maganda ya mayai, unga wa mifupa, mafuta ya ini la samaki. Chakula kamili cha kukaushwa tayari vimo humo. Zifungie kabatini, kwa sababu anayebaki akiziona juu ya meza ataziweka tu akidhani anasaidia.

Kitu kingine watu wanachanganya, kukausha sio kupika. Kuna kinachokaushwa kwa hewa ya uvuguvugu taratibu na kuna kinachogandishwa kwanza halafu barafu inavutwa nje bila kuyeyuka, na kwa njia zote mbili nyama inaweza ikawa bado ni mbichi. Salmonela na listeria, bakteria wanaoleta ugonjwa wa tumbo, hazifi kwa kukosa maji, zinalala, ukimwaga maji zinaamka. Wengine wanaibana nyama kwa presha kubwa sana kupunguza vijidudu, wengine wanaipika kidogo kabla ya kukausha, na kwa kawaida wanaandika. Kama huyo unayemwachia ana mtoto mchanga, mjamzito, mzee, au mtu ambaye kinga yake iko chini, mi nakushauri chukua kile kilichopikwa kabla ya kukaushwa hata kama moyo wako uko kwenye mbichi. Na bado kunawa mikono na kuosha bakuli kwa sabuni kila mlo kuko pale pale, maana papi hamalizi kula bila kulamba uso wa mtu.

Haya sasa vipimo, hapa ndipo watu wanapoharibu kuliko sehemu zote. Nyama mbichi ni maji kama asilimia 70, cha kukaushwa maji yake mara nyingi hayafiki asilimia 10, kwa hiyo uzito sio uzito tena, unahesabu kalori. Madaktari wa mifugo wanachukua uzito wa mbwa kwa kilo, wanaupandisha kwa kipeo cha 0.75, wanazidisha kwa 70, halafu papi aliyevuka miezi minne wanazidisha tena kwa 2 na aliye chini ya hapo kwa 3. Papi wa kilo 8 mwenye miezi mitano inakuja kama kalori 670 kwa siku. Tuseme paketi yako imeandikwa kalori 450 kwa gramu 100, basi anahitaji kama gramu 150 za kavu kwa siku nzima, ukigawa milo mitatu ni gramu 50 kila mlo. Ukiiangalia hiyo kwenye kikombe unaona huu ni utani, kwa sababu nyama yake mbichi ilikuwa inakaribia gramu 400. Na huyo anayebaki ataona hivyo hivyo ataongeza, akimpa gramu 400 za kavu hiyo ni kalori 1800, karibu mara tatu ya anachohitaji. Kinyume chake pia kinatokea, mtu anakiloweka kwanza halafu anapima gramu 150 za kilicholowa, kama umechanganya sehemu moja kavu na tatu za maji hapo papi anapata robo tu na atalala na njaa. Hesabu yenyewe ni ya kuanzia, ukimpapasa mbavu uzisikie kwa urahisi bila kuziona zimetoka, na umpime mizani kabla hujaondoka uandike.

Njia inayonipendeza mimi ni kutompa mtu kazi ya kupima kabisa. Unapima mwenyewe kavu, mlo kwa mlo, unatia kwenye vifuko vya kufunga, unaandika siku na asubuhi mchana jioni, unatoa hewa na kuvipanga mahali pakavu pasipo na joto. Weka vifuko viwili vitatu vya akiba maana safari zinachelewa. Paketi yenyewe usiitupe, ina namba ya toleo, kampuni ikitangaza kurudisha mzigo ndiyo utakayoangalia.

Maji ya kulowekea yawe ya vuguvugu, sio ya kuchemka, na muda ni ule ulioandikwa, vingi ni dakika 5 mpaka 15 ila vipande vikubwa vinachukua zaidi, bonyeza kimoja katikati usikie kama bado kigumu. Chora mstari kwenye kikombe maji yaishie hapo. Kikishalowa kihesabu kama nyama mbichi, kisikae nje zaidi ya saa mbili, na sehemu zenye joto muda uwe mfupi zaidi ya huo. Maji ya kunywa yawepo muda wote, papi wa mbichi amezoea kupata maji ndani ya nyama na huenda ukamwona sasa anakwenda bakuli la maji mara nyingi.

Mwambie pia anayebaki kuhusu choo, maana ataogopa. Papi anayekula mbichi na mifupa choo chake ni kidogo na kigumu, kikikauka kinakuwa cheupe, akihamia huku kinaongezeka na kulainika kwa sababu ya mboga. Chenye umbo hata kama ni laini hamna shida. Kikiwa maji maji mara kwa mara, kina damu, au anatapika, amelegea, amesusa chakula, ni daktari siku hiyo hiyo, hasa kama chanjo hazijakamilika kwa sababu parvo, ugonjwa hatari wa virusi kwa papi, nayo huanza hivyo hivyo. Wale papi wadogo wadogo wa jamii ndogo hata kukosa milo miwili sukari inaweza kushuka, wanatetemeka na kuyumba, hapo unapaka asali kidogo kwenye ufizi huku mnaelekea kwa daktari. Acha namba ya daktari, ruhusa ya maandishi ya kumtibu bila kukungoja wewe ushuke kwenye ndege, na kiasi cha pesa ulichokubali kitumike.

Meno watu wanasahau. Huyu alikuwa anatafuna mifupa na sasa anapewa kitu kama uji, na kati ya miezi mitatu na saba ndio meno yanabadilika, lazima atafute cha kutafuna na kitakuwa kiatu cha mtu. Mwachie vitu vya mpira vya kutafuna, mifupa mibichi hapana kama anayebaki hajazoea kumsimamia, na mifupa iliyopikwa hapana kabisa kwa sababu inapasuka vipande vyenye ncha. Kwenye karatasi hiyo hiyo andika chokoleti, zabibu, vitunguu na chochote chenye zailitoli, ile sukari mbadala ya kwenye bigijii, visimfikie.

Halafu siku moja kabla ya safari kaa pembeni, mwache mtu wako atengeneze mlo mzima mwenyewe bila wewe kumwelekeza, utaona anapokwama. Ukirudi usimkaribishe kwa bonge la mfupa, mrudishe kwenye mbichi kwa siku kadhaa na robo zile zile ulizoanza nazo.