Atomaiza ya kusuka mwenyewe: mita kwanza, betri mwisho

Mezani kwangu Kariakoo, ninapotengeneza simu, mtu mwenye vepu (sigara ya umeme) iliyokufa huuliza bei ya koili mpya, ile inayopasha moto ndani ya atomaiza, yaani sehemu inayogeuza juisi ya nikotini kuwa mvuke. Ukiifungua hiyo koili ya dukani, ndani ni kipande cha waya na pamba tu. Kinachokula hela ni kile kikopo. Kwa mtu mzima aliyekwisha kuachana na sigara za kuwasha na anayejua kushika kibano, nashauri asuke mwenyewe. Asiyevuta aachane nayo tu, nikotini haina urafiki na mtu.

Kitako, ile sehemu ya chini ya atomaiza inayofungwa kwenye vepu kwa nyuzi za skrubu, usichonge. Nyuzi za vepu nyingi ni zile za 510: kipenyo milimita 7, jino hadi jino nusu milimita. Wachonga vyuma wa Gerezani wanaweza kukutolea kifuniko kizuri kwa leti (mashine ya kuchongea vyuma), lakini nyuzi nyembamba hivyo zitawapotezea muda na wewe hela. Chukua kitako cha atomaiza iliyokufa, kichemshe, kikauke.

Katikati ya kitako kuna pini, hiyo ni chanya. Mwili wote ni hasi. Kinachovitenganisha ni kijipete kigumu kinachovumilia joto, na hapo ndipo atomaiza nyingi za kienyeji zinapofia. Kikiwa kimepasuka, tafuta kitako kingine. Usikate plastiki ya chupa ya maji, usizungushe tepu ya umeme. Funga nguzo mbili za chuma cha pua zenye skrubu, moja kwenye pini, moja kwenye mwili. Kisha weka mita ya kupimia umeme kwenye mlio, ncha moja kwenye pini na nyingine kwenye mwili. Bila koili, mita inatakiwa inyamaze kabisa. Ikilia, una shoti, na betri ya lithiamu haisamehe shoti.

Sisi wa simu tuna ugonjwa wa kulehemu kila kitu. Hapa hapana. Risasi tunayolehemea, ile ya mchanganyiko wa bati na risasi, huyeyuka kwenye nyuzijoto 183 hivi, na koili inapita hapo. Huwezi kuvuta mvuke uliopita kwenye risasi. Boliti zilizopakwa zinki nazo ziache, pamoja na waya wa jiko la umeme au pasi mbovu, maana hujui umechanganywa na nini.

Waya nunua wa Kanthal (aloi maalumu ya kupashia joto), unene milimita 0.4. Urefu wa mita moja ya waya huo una ukinzani wa omu 11.5 hivi. Uzungushe kwenye biti ya drili ya milimita 3, mizunguko 7 iliyobanana. Kila mzunguko hula karibu milimita 10.7, ongeza miguu miwili ya kufungia, jumla inakuja kama sentimita 8.5. Hiyo ni karibu omu 1. Betri iliyojaa ina volti 4.2, kwa hiyo utavuta ampea 4.2, wati 17 na kitu. Inatosha sana. Vijana wanaotaka wingu la kujaza daladala hushuka hadi omu 0.2, hiyo ni ampea 21, nami koili ya namna hiyo siifungi.

Pima kabla ya betri. Mita za bei rahisi zina ukinzani kwenye nyaya zake, basi gusanisha ncha zake kwanza, soma namba, uitoe kwenye jibu. Namba ikichezacheza, kaza skrubu.

Sasa betri. Ukinunua 18650, ile betri ya lithiamu ya silinda, tazama ampea inazoweza kutoa, si mAh (kiasi cha chaji inachobeba) tu. Iliyoandikwa mAh 9900 ni uongo mtupu, hakuna ya ukubwa huo inayofika hata 5000. Chagua ya ampea 10 au zaidi, ganda lake liwe zima, na usiitie mfukoni pamoja na funguo na sarafu.

Bonyeza kitufe kidogo kidogo. Koili inatakiwa iwake kuanzia katikati kwenda nje. Zikiwaka ncha kwanza, achia, ipoe, ibane taratibu kwa kibano chenye ncha za kauri. Ikisawazika, ngoja ipoe ndipo upitishe pamba safi isiyo na manukato. Iteleze kwa kugoma kidogo: ikipita kirahisi itavuja, ikikwama itaungua. Mikia ya pamba iguse sakafu ya kitako bila kuziba tundu la hewa, ambalo liwe la milimita 2 usawa wa koili.

Lowesha pamba kwa juisi mpaka ing'ae, subiri dakika chache, halafu vuta polepole. Ukisikia ladha ya kuungua, usiongeze juisi juu yake. Toa pamba, washa koili ikiwa tupu kuunguza masizi, iache ipoe, weka pamba mpya.