Somo: Kubadilisha wayaringi ya Land Rover Series III

Land Rover Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote ina zaidi ya miaka 40, na katika umri huo kinacholisumbua gari mara nyingi si injini bali nyaya. Kabla ya kuagiza wayaringi mpya, menya sentimita moja ya waya karibu na taa ya mbele. Shaba ikiwa bado inang'aa, waya ni mzima na unaweza kutengeneza miisho peke yake. Ikiwa nyeusi, au ina unga wa kijani na haishiki risasi ya kulehemu, endelea kukata kidogo kidogo hadi ufikie shaba safi. Usipoifikia, au ukikuta plastiki za nyaya nyuma ya dashibodi zimeyeyuka na kushikana, badilisha wayaringi yote.

Hatua ya 1: Betri na lebo. Fungua kwanza kebo ya ethi (inayounganisha betri na chuma cha gari), kisha ya chanya, na uitoe betri kabisa. Piga picha kila kiungo, halafu funga lebo ya tepu kwenye kila waya, ukiandika unakotoka na unakokwenda. Kazi hii itakula siku nzima, nami nakusihi usiifupishe, kwa sababu gari lililopita mikononi mwa mafundi wengi huwa na nyaya za kuongezwa ambazo hazimo katika mchoro wowote.

Hatua ya 2: Kusoma rangi. Magari ya Uingereza ya enzi hiyo yana lugha moja ya rangi. Kahawia ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri, bila fyuzi. Nyeupe hupata umeme ukiwasha swichi ya ufunguo, nayo haina fyuzi. Kijani ni umeme huohuo ukishapita kwenye fyuzi. Nyekundu ni taa ndogo, buluu ni taa kubwa, na nyeusi ni ethi. Mstari mwembamba juu ya waya hueleza kazi yake hasa: kijani yenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto, yenye mweupe ni ya kulia, na yenye zambarau ni taa za breki. Ukilazimika kuunganisha kipande, tafuta rangi ileile. Fundi anayetumia waya mwekundu kila mahali anamnyima atakayemfuata njia ya kulisoma gari.

Hatua ya 3: Kutoa ya zamani. Nyaya za taa za nyuma hupita ndani ya chesisi, mahali ambapo mkono haufiki. Kabla ya kuzivuta, funga kamba imara kwenye ncha moja, ili zinapotoka upande wa pili ziiache kamba ndani. Hiyo ndiyo itakayovuta nyaya mpya. Usiitupe wayaringi ya zamani mpaka gari liwe limetembea.

Hatua ya 4: Kulaza mpya. Itandaze sakafuni kando ya ile ya zamani, ulinganishe kila tawi. Anzia kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi, kisha nenda mbele na nyuma. Kila tundu la bati lazima liwe na raba mpya. Niliwahi kuletewa gari lililoungua nyuma ya dashibodi kwa sababu raba moja ilikuwa imeoza: waya wa kahawia ulisuguliwa na bati mpaka ukabaki uchi, na kwa kuwa hauna fyuzi, hapakuwa na kitu cha kuukatia umeme. Tangu hapo huweka fyuzi kuu karibu na betri kwenye kila gari ninalolishika.

Hatua ya 5: Ethi. Bodi ni ya aluminiamu na chesisi ni ya chuma, na metali hizi mbili zikikutana penye unyevu huliwa na kutu ambayo huzuia umeme. Kwangua kila sehemu ya ethi mpaka metali ing'ae, kaza, kisha paka grisi juu. Kwa taa za nyuma napendelea kuongeza waya mweusi hadi kwenye chesisi.

Hatua ya 6: Kuwasha. Usirudishe betri moja kwa moja. Weka balbu ya wati 21 kati ya nguzo hasi ya betri na kebo ya ethi, huku swichi zote zikiwa zimezimwa. Balbu ikiwaka kwa nguvu, kuna waya unaogusa bodi. Itabaki kuwaka, lakini hakuna kitakachoungua wakati unautafuta. Ikibaki imezimika, unganisha kebo na ujaribu swichi moja baada ya nyingine.

Maswali ya wanachama

*Fundi, shikamoo. Fyuzi zangu za kioo zimeandikwa 35. Je, niweke za kisasa za ampea 35?*

Marahaba. Hapana. Namba hiyo kwenye fyuzi za kioo za Kiingereza ni kiwango cha kukatika. Kwa muda mrefu bila kukatika hubeba takriban ampea 17 tu. Za kisasa huandikwa kiwango cha kubeba, kwa hiyo weka ya 15, au 20 usizidi. Ukiweka ya 35, waya utaungua kabla ya fyuzi.

*Naweza kutumia waya wa nyumba?*

Usitumie. Ule wenye uzi mmoja mnene hukatika kwa mtetemo. Nunua waya wa gari wenye nyuzi nyingi: milimita 1 ya mraba kwa taa ndogo, 2 kwa taa kubwa.

*Taa zangu kubwa zina mwanga wa njano hata baada ya kuweka wayaringi mpya.*

Balbu mbili za wati 60 huvuta ampea 10, na umeme wote huo unapita kwenye swichi iliyochakaa. Safisha ethi za taa kwanza. Hali isipobadilika, weka rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo), moja ya mwanga wa juu na moja ya mwanga wa chini, ili swichi ibaki na kazi ya kuziamsha rilei tu.

*Yangu ni Series IIA ya 1965. Somo hili linanifaa?*

Hatua zinafaa, lakini usinunue wayaringi ya Series III. Gari lako lilitoka kiwandani likiwa na dainamo, na nguzo chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye chesisi. Agiza kwa namba ya chesisi, na usiunganishe redio wala alteneta kabla ya kuhakikisha ni nguzo ipi iliyo kwenye ethi sasa, maana huenda mwenye gari wa kabla yako aliigeuza.