Kuchagua Karavani ya Kwanza ya Familia

Kabla ya kutazama vitanda na jiko, anza na gari litakaloikokota karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu. Kijitabu cha maelezo ya gari hutaja uzito wa juu linaloruhusiwa kuvuta, na nchini Uingereza wanaoanza hushauriwa kwamba karavani iliyojaa mizigo isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari lenyewe. Kwa familia ya Nairobi itakayoteremka Mai Mahiu kuelekea Naivasha, mahali ambapo karavani nzito hulisukuma gari kutoka nyuma, ushauri huo usilegezwe.

Katika karavani iliyokwisha kutumika, unyevu ndio adui mkubwa. Ikague baada ya mvua, fungua kila kabati na kunusa, kisha bonyeza kuta kwa kidole gumba kandokando ya madirisha na kwenye kona za chini. Zikibonyea, iache, hata bei ikiwa nzuri namna gani. Tairi nazo huzeeka hata zikisimama tu: tarakimu 2319 mwishoni mwa alama ya DOT, iliyochapwa ubavuni mwa tairi, humaanisha kwamba ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Mlango uwe upande wa kushoto, ili watoto wasishukie katikati ya barabara.