Kushuka na Kupanda Maporomoko ya Sheldrick: Mwongozo kwa Anayetoka Mombasa

Wengi wetu tunaotoka Mombasa kwenda kuyaona maporomoko ya Sheldrick, katika hifadhi ya Milima ya Shimba kaunti ya Kwale, hujitayarisha kwa safari ya kwenda tu. Njia ya miguu huanzia juu, mahali paitwapo Elephant Hill, kisha huteremka takriban kilomita mbili ndani ya msitu hadi chini ya korongo, ambako maji huanguka kutoka kimo cha mita 21 hivi. Maana yake ni kwamba mlima wenyewe hupandwa wakati wa kurudi, miguu ikiwa imekwisha kuchoka na jua limepanda. Ukilishika hili, mengine yote utayapanga vizuri.

Nilijifunza hayo kwa kumtazama ami yangu, mtu wa makamo mwenye goti bovu, aliyeteremka akizungumza njia nzima na kumaliza maji yake yote kabla hatujafika chini. Katika kupanda alikuwa akisimama kila baada ya hatua ishirini, kiganja juu ya goti, jasho likimdondoka kidevuni, na hakuwa tena na neno. Tangu siku hiyo kila ninayemchukua humwambia abebe lita mbili, anywe theluthi moja tu wakati wa kushuka na kukaa chini, na zilizobaki aziweke kwa ajili ya mpando.

Safari ni ya kilomita 33 hivi kutoka mjini. Mwenye gari anaweza kuvuka feri ya Likoni au kuizunguka kwa barabara ya Dongo Kundu; asiye na gari huvuka kwa miguu na kupanda matatu ya Kwale. Hata hivyo, ndani ya hifadhi hakuna ruhusa ya kutembea ovyo, na kutoka langoni hadi mwanzo wa njia kunahitaji gari, kwa hiyo ni bora watu wachangishane wakodi moja kwa siku nzima. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, wala si kwa fedha taslimu, nanyi lipeni mkiwa bado mjini, pamoja na kubeba vitambulisho. Ondokeni alfajiri: feri ina msongamano wake, na mwenye kuchelewa huja kupanda korongo saa saba mchana.

Kushuka ni lazima muandamane na askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mwenye bunduki. Msitu huu una ndovu na nyati, na katika nyika za juu yake wamo palahala, swala ambao nchini Kenya hawapatikani porini mahali pengine. Askari akiinua mkono, simameni palepale na mnyamaze, hata kama hamuoni kitu, kwa kuwa yeye huenda amesikia tawi likivunjika. Akisema mrudi, rudini. Fedha mliyolipa isiwafanye mbishane naye.

Kuhusu mavazi, vaeni raba zenye meno, au buti. Ndara ziachwe garini. Njia ni ya udongo unaoteleza, na karibu na maji mawe yamefunikwa na utelezi wa kijani ambao hauonekani vyema kivulini. Kanyageni kwa unyayo mzima, mkitangulia kupima jiwe kabla ya kuliegemezea uzito. Akina mama na dada wanaopenda kuvaa dera wavae suruali ndani na kulifunga dera kiunoni, kwa sababu pindo ndilo hukanyagwa wakati wa kupanda. Epukeni nguo nyeusi na za buluu, kwani mbung'o wamo humo na rangi hizo huwavuta. Kila mmoja achukue leso: ni ya kujifutia, ya kujisitiri wakati wa kubadili nguo, na hata ya kufungia kifundo kilichoteguka.

Mkifika chini mtahisi upepo wa matone kabla ya kuyaona maji. Mnaruhusiwa kuingia katika dimbwi, lakini ingieni kwa kutembea. Msiruke, kwa kuwa miamba iliyozama haionekani. Msiyanywe maji hayo, maana wanyama hunywa na kuoga juu yake, wala msitumie sabuni. Milima hii, kupitia chemchemi za Marere, imekuwa ikituletea maji Mombasa tangu zama za ukoloni, nami naona ni aibu kwetu kuichafua.

Miezi ya masika, hasa Mei, maporomoko hujaa na kupendeza kuliko wakati wowote, ila ndipo njia huwa mbaya zaidi. Mvua inaweza kunyesha mlimani huku juu ya korongo mbingu ikiwa nyeupe. Kwa hiyo yatazameni maji: yakianza kugeuka rangi ya udongo, au yakileta majani na vijiti ambavyo havikuwako, tokeni mara moja na mpande juu ya kingo, bila kukusanya vitu.

Wakati wa kupanda, mwendo uwe wa yule aliye dhaifu kuliko wote, naye atangulizwe nyuma ya askari. Kuleni tende mbili tatu kabla ya kuanza. Mahamri yangoje juu. Mkifika garini, kagueni kupe nyuma ya magoti na kwapani, watoto kwanza.