Igizo la mtaani ambalo watazamaji wanaingia kucheza: namna ya kuliendesha na vijana wenu

Kuna dada wa Mbagala ana kikundi cha vijana, aliniomba nimuelekeze hili igizo, nikaona bora niandike na wengine wafaidi. Mtindo aliuanzisha Augusto Boal, Mbrazili, miaka ya 1970, na hauhitaji jukwaa wala mavazi. Spika na maiki achaneni nazo, ngoma mbili zinakusanya watu vizuri tu.

Hatua ya 1: muone mtendaji wa mtaa mapema, tafuta uwanja, kwepa muda wa ibada. Basi.

Hatua ya 2: gaweni kazi. Hapa sina mjadala, kiongozi ndo anafika wa kwanza kufagia na kupanga mabenchi. Mwenyekiti anayekaa kwenye kiti cha plastiki huku madogo wanabeba ngoma hafai. Hela ziandikwe kwenye daftari ambalo kila mtu analiona, na asilishike kiongozi.

Hatua ya 3: tungeni kisa. Waulize vijana nini kinawauma, usiwaletee mada ya mfadhili. Kiwe cha dakika 10 hivi na kiishe vibaya. Mfano binti kafaulu kwenda fomu faivu, baba mdogo anayemlea anataka akae gengeni auze nyanya, binti anashindwa. Skripti msiandike, anayekariri anakwama mtazamaji akiingia. Na msiige mtu wa mtaani hata mwendo wake, watu watamjua tu.

Hatua ya 4: kusimamisha, hapa ndo kwenye kazi. Chezeni mpaka mwisho, halafu mrudie, safari hii anayeona binti angefanya vingine anapiga kelele "simama!" anachukua nafasi yake. Mwanzoni watakuwa kimya, usijaze ukimya kwa hotuba, rudieni kipande kilekile, mara nyingi watoto ndo wanaanza. Mtu akishauri akiwa amekaa, "mimi ningemwambia…", mpe khanga ya anayecheza binti, mwambie njoo umwambie mwenyewe. Kuna mama muuza mihogo alijifunga ile khanga, akakaa mbele ya ungo wa nyanya, hakubishana, akauliza taratibu, "Baba mdogo, ukiugua nani atakusomea cheti cha dawa?" Kijana aliyekuwa baba mdogo akakosa la kusema, uwanja mzima ukapiga vigelegele.

Sasa angalia haya. Baba mdogo asibadilishwe, akigeuka mwema tatizo limeisha na hakuna cha kujifunza. Asikubali haraka pia, abishe kama wanavyobisha majumbani. Akitokea wa miujiza, sijui mzungu anakuja kulipa ada, usimkatae, waulize watu kama hilo linawezekana kwetu, watakwambia wenyewe ada ya fomu faivu na siksi imefutwa tangu 2022, kinachowashinda ni godoro, sare na nauli. Wewe jibu sahihi usiseme hata kama unalo, ukisema tu wote wanaanza kukutazama usoni kabla ya kuongea. Na binti akilia kwa sababu kisa ni chake, dada mmoja wa kikundi atoke naye pembeni, awe na namba 116 ya simu kwa mtoto, ni bure.

Hatua ya 5: igizo linalofuata mwachie mwingine aongoze, hasa yule asiyeongea sana. Wewe cheza jirani anayepita na ndoo.