Stata ya mashine ya boti haizungushi: anza na mita, spana baadaye

Stata ni mota ya umeme inayozungusha mashine ili iwake. Nyingi zinazofikishwa kwa fundi zimefungwa kwenye gunia hazina ubaya. Ukizibana mezani na kuzipa umeme wa betri nzima, zinazunguka vizuri tu. Ubovu umebaki kule botini, kwenye waya ulioliwa na chumvi au nati iliyolegea. Ndiyo maana hapa tunaanzia kwenye betri na kuifuata njia ya umeme kwa mita ya volti mpaka kwenye stata.

Nazungumzia mashine ya ndani ya dizeli, umeme wa volti 12. Kama yako ni ya petroli, fungua mfuniko, washa feni ya kutoa mvuke na unuse ngama (chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika) kwanza. Ukisikia harufu ya petroli, usiguse waya hata mmoja.

Kabla ya yote: gia iwe nyutro, vua pete na saa ya chuma, na mwambie mwenzako asiguse ufunguo mpaka umwite.

Hatua ya 1: Sikiliza

Geuza ufunguo mara moja, usikilize. Mlio wa ta-ta-ta-ta wa harakaharaka mara nyingi ni betri iliyoishiwa au kichwa cha betri kilicholegea. Mlio mmoja mzito kisha kimya: solenoidi (swichi ya sumaku ya stata) imevuta, lakini umeme mkubwa haufiki kwenye mota, au mashine yenyewe imekwama. Kimya kabisa: tafuta upande wa ufunguo, fyuzi na waya mdogo. Stata ikivuma peke yake bila kuzungusha mashine, bendeksi (gia ndogo ya stata) haishiki meno ya flaiwili (gurudumu zito la mashine). Hapo ruka moja kwa moja hadi hatua ya 6.

Hatua ya 2: Betri

Betri iliyopumzika saa kadhaa bila kuchajiwa isome kama volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 hakuna haja ya kuendelea, kaichaji kwanza. Boti iliyokaa pwani kusi nzima bila kuwashwa karibu kila mara inakwama hapa.

Lakini betri mbovu inaweza kusoma 12.6 ikiwa imetulia. Ipime ikiwa kazini, mwenzako akipiga stata. Ikianguka chini ya 9.6 au hapo karibu, ama betri imechoka, ama kuna kitu kinaizuia mashine kuzunguka.

Hatua ya 3: Umeme unapotelea wapi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo wengi wanaporuka. Kuangalia waya kwa macho hakutoshi, maana shaba inaweza kuwa unga wa kijani ndani ya mpira na nje ukaonekana mpya.

Vuta kishikio cha kuzimia ili mashine isiwake wakati wa kupima. Funga pia koki ya maji ya bahari. Pampu inasukuma maji kila mashine inapozunguka, na isipowaka hakuna moshi wa kuyatoa kwenye ekzosi, kwa hiyo yanajaa hadi yanarudi kwenye silinda. Piga stata kwa sekunde chache tu, pumzisha, rudia. Ipela ya mpira, yaani gurudumu la ndani ya pampu, haipendi kukaushwa. Tundika ufunguo wa mashine kwenye hiyo koki, usije ukawasha ukiwa umeisahau.

Weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyekundu iguse risasi yenyewe ya chanya ya betri (kile kichwa cha madini ya risasi), si kibano cha waya kinachoishika. Nyeusi iguse skrubu kubwa ya stata unapoingia waya wa betri. Mwenzako apige stata. Namba unayoiona ni volti zinazopotea njiani. Ikizidi 0.5, upande huo una ugonjwa. Sogeza ncha nyeusi kurudi nyuma, kiungo baada ya kiungo: upande wa pili wa waya, swichi kuu ya betri, kibano. Pale namba inaposhuka ghafla, umekipita kiungo kibovu.

Fanya vivyo hivyo upande wa hasi, kutoka risasi ya hasi mpaka bodi ya stata. Hapo sitaki kuona zaidi ya 0.3. Ethi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye mashine, ndiyo inayosahaulika kuliko vyote, na mara nyingi imefungwa juu ya rangi au kutu. Fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu. Waya ukiwa umeoza, weka ule wa shaba iliyopakwa bati.

Hatua ya 4: Waya mdogo

Kama solenoidi haivuti, pima terminali yake ndogo huku ufunguo umegeuzwa. Hakuna umeme: kagua fyuzi, swichi ya nyutro na ufunguo wenyewe. Ukikuta volti 8 au 9 wakati betri ina 12, waya kutoka kwenye dashibodi ni mrefu au mwembamba mno. Dawa yake ni rilei (swichi inayoendeshwa na umeme mdogo) karibu na stata, wala si kununua stata nyingine.

Hatua ya 5: Mashine inazunguka?

Zima swichi kuu ya betri. Weka spana kwenye boliti ya mbele ya kranki, uzungushe kwa mkono, upande ule mashine inakozungukia. Ugumu wa kompresheni unaopanda na kuachia ni wa kawaida. Ikigota kabisa, acha. Huenda kuna maji juu ya pistoni, na ukilazimisha utapinda koneksheni rodi. Toa nozeli (zinazopuliza dizeli kwenye silinda), maji yatoke, badilisha oili, kisha utafute yalikopitia.

Hatua ya 6: Sasa fungua stata

Toa waya wa hasi wa betri kwanza. Stata ya boti hukaa chini, karibu na maji ya ngama, kwa hiyo anza na kutu kwenye bendeksi: inatakiwa iteleze na kurudi yenyewe. Isafishe na uipake mafuta mepesi. Grisi nzito itaikwamisha upya. Kisha tazama kaboni zilizoisha (vipande vinavyopitisha umeme ndani ya mota) na vipande vya shaba vilivyoungua ndani ya solenoidi. Angalia pia meno ya flaiwili kupitia tundu la stata, ukizungusha mashine taratibu kwa mkono, maana huzoea kulika sehemu ileile.

Ukirudisha, ng'arisha chuma pale stata inapokalia, halafu rudia vipimo vya hatua ya 3 kabla ya kufungua koki na kuwasha.